Montserrat: Waliambiwa wahame, hawakuonyeshwa pa kulima

Katika orodha ya miji mikuu ya dunia umo mmoja usio na mkazi hata mmoja. Unaitwa Plymouth, na hadi leo ndio unaohesabiwa kisheria kuwa mji mkuu wa Montserrat, kisiwa kidogo cha Bahari ya Karibea kilicho chini ya himaya ya Uingereza. Barabara zake zimelala chini ya majivu na mawe yenye kina cha mita kadhaa. Palipokuwa na soko, mahakama, benki na maduka, leo huonekana mapaa na madirisha ya ghorofa za juu, mengine yakiwa sawa na usawa wa ardhi. Anayetaka kuingia humo hana budi kupata idhini, na awe tayari kuondoka mara tu atakapoamriwa.

Msomaji anaweza kuuliza: kisiwa chenye watu zaidi kidogo ya 4,000, kilichoko ng'ambo ya Atlantiki, kinatuhusu nini sisi? Kinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu wa Ngazidja na wa Goma nao wanaishi chini ya milima ya moto, na baadhi yao wameshaonja mitihani ya namna hiyo hiyo. Pili, yaliyotokea Montserrat yanaibua swali litakalomfika kila mwenye dhamana ya watu, awe kiongozi wa nchi au mkuu wa kaya: ukimwambia mtu aondoke nyumbani kwake ili aokoke, una wajibu gani kwake baada ya hapo?

Kisiwa na watu wake

Montserrat ina ukubwa wa kilomita za mraba 102 tu. Urefu wake ni kilomita 16 na upana wake ni kama kilomita 11. Unguja peke yake inaweza kuibeba zaidi ya mara kumi na tano. Christopher Columbus alipita hapo mwaka 1493, akakipa kisiwa jina la mlima wa watawa ulioko karibu na Barcelona, Hispania. Lakini wenyeji wa asili walikuwa wamekwisha kukiita Alliouagana.

Kuanzia mwaka 1632 walihamia Wakatoliki wa Ireland waliokuwa wakibanwa katika makoloni mengine ya Kiingereza. Haukupita muda mrefu, yakaja mashamba ya miwa, na pamoja na miwa wakaja Waafrika waliotiwa utumwani. Miongoni mwa Waafrika waliovushwa kwenda Karibea kwa jumla walikuwamo Waislamu wa Afrika Magharibi, wapo waliokuwa wakisoma na kuandika Kiarabu. Wengi wa wakazi wa Montserrat ya leo ni kizazi cha Waafrika hao, ingawa majina ya koo nyingi ni ya Ireland, na dini zao ni za madhehebu ya Kikristo.

Tarehe 17 Machi 1768 watumwa wa kisiwa hicho walipanga kuasi. Walichagua siku hiyo kwa kuwa mabwana zao wangekuwa katika sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Siri ikavuja, na viongozi wa uasi wakanyongwa. Siku hiyo leo ni sikukuu ya kitaifa. Wanakumbukwa walionyongwa, na waliotawanyika ughaibuni hurudi kuwaona jamaa zao. Ni watu, basi, waliojua kupoteza na kuanza upya kabla ya mlima wao kuamka.

Hata kabla ya volkano walikuwa wametoka katika mtihani mwingine. Mwezi Septemba 1989 kimbunga Hugo kilikipiga kisiwa na kuharibu sehemu kubwa mno ya majengo. Wakajenga tena. Hospitali na ofisi za serikali zikasimamishwa upya, na zikasimamishwa pale pale Plymouth, chini ya mlima.

Mlima uliodhaniwa umelala

Mlima huo huitwa Soufrière Hills, jina linalotokana na neno la Kifaransa la salfa, kwa sababu ya mivuke iliyokuwa ikitoka katika mashimo yake. Kilele chake kirefu kilikuwa na mita 915. Tangu wazungu wahamie kisiwani hakuna aliyekuwa ameuona ukilipuka, ingawa mitetemeko ya ardhi ilikuwa ikija na kupita katika vipindi vya miongo kadhaa. Watu wakauzoea, wakalima karoti, viazi na mboga katika miteremko yake, kwani udongo wa volkano una rutuba nyingi.

Si kwamba hakuna aliyeonya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi wawili, Wadge na Isaacs, walichunguza mlima huo na kubainisha kwamba ukilipuka Plymouth itakuwa katika njia ya hatari. Maonyo yao hayakubadili mipango ya ujenzi. Mtaalamu akiandika na mtawala asisome, elimu hubaki katika karatasi.

Ili kuuelewa msiba uliofuata, ni vyema kujua mlima wa aina hii hufanyaje kazi. Chini ya bahari hiyo, bamba la ardhi la upande wa Atlantiki huzama polepole chini ya bamba la Karibea. Kuzama huko huyeyusha miamba kwa kina kirefu, na miamba iliyoyeyuka hutafuta njia ya kupanda juu. Lava ya Soufrière Hills ni nzito, haitiririki kama maji. Hutoka kidogo kidogo na kurundikana kwenye kinywa cha mlima mfano wa kuba. Kuba hiyo hukua kwa wiki na miezi, hata ikashindwa kujibeba, kisha ubavu wake mmoja huporomoka.

Uporomokapo, linashuka wingu la gesi, majivu na mawe, lenye joto la nyuzi mia kadhaa, likifuata mabonde kwa kasi inayopita ile ya gari katika barabara kuu. Hakuna anayeweza kulikimbia kwa miguu. Kinga yake ni moja tu: kutokuwepo pale linapopita.

Tarehe 18 Julai 1995 mlima ulianza kutoa mvuke na majivu. Mwezi Agosti wakazi wa Plymouth na vijiji vya kusini walihamishwa kwa mara ya kwanza. Baadaye wakaruhusiwa kurejea. Mwezi Desemba wakahamishwa tena, na wakarejea tena. Tarehe 3 Aprili 1996 ikatolewa amri ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Wapo waliofunga milango yao siku hiyo wakiamini watarudi baada ya wiki chache. Hawakurudi tena.

Siku ya 25 Juni 1997

Wahamiaji walielekea kaskazini, sehemu iliyokuwa na watu wachache na huduma chache. Makanisa na shule viligeuzwa makao ya muda, na shule moja ikafanywa hospitali. Familia zikalala katika kumbi, zikitenganishwa na mapazia au maboksi, zikitumia vyoo vya pamoja. Jambo lililotarajiwa kuwa la wiki likawa la miezi, na la miezi likawa la miaka. Msomaji aliyewahi kulea watoto katika chumba cha kuazima anaweza kukisia hali ya mama aliyekaa hivyo na familia yake mwaka hadi mwaka.

Pamoja na hayo lilikuwapo tatizo la riziki. Mashamba yao yalibaki miteremkoni, ndani ya eneo lililopigwa marufuku. Ardhi ya kaskazini ilikuwa kavu zaidi, na wakulima waliohamishwa hawakugawiwa mashamba ya kutosha huko. Mkulima akabaki na mambo mawili ya kuchagua: kukaa katika ukumbi akisubiri msaada wa chakula, au kuinuka alfajiri na kwenda kuliangalia shamba lake chini ya mlima. Wengi walikwenda. Siku zikapita bila dhara, na kila siku iliyopita salama ikaongeza ujasiri wa siku iliyofuata.

Tarehe 25 Juni 1997, saa saba mchana, ubavu wa kaskazini wa kuba uliporomoka. Katika muda mfupi wingu la moto lilivifikia vijiji vya Farrell's, Streatham, Harris na Trant's, likateremka hadi karibu na uwanja wa ndege uliokuwa pwani ya mashariki. Watu 19 walifariki dunia. Wapo miongoni mwao waliokuwa wakulima katika mashamba yao, na wapo waliokuwa wamerudi katika nyumba zao kwa kuchoshwa na maisha ya makao ya muda.

Wasiojua habari hizi kwa undani husema haraka: walionywa, wakakaidi. Kweli walionywa. Ramani zilikuwa zimechorwa, redio ilikuwa ikitangaza, na wataalamu wa kituo cha uangalizi wa volkano walikuwa wakipima mlima usiku na mchana. Lakini uchunguzi wa kimahakama uliofanyika baadaye kuhusu vifo hivyo haukuishia hapo. Katika baadhi ya vifo, sehemu ya lawama ilielekezwa kwa mamlaka, kwa kutowapatia wakulima ardhi salama ya kulima na kwa hali mbaya ya makao ya muda.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa la kisiwa hiki. Watu wale hawakufa kwa ujinga. Walikuwa wakiujua mlima kuliko wengi wetu tunavyoijua barabara tunayoivuka kila siku. Walipima hatari iliyoko mbali na njaa iliyoko karibu, wakaifuata shughuli iliyowalisha watoto wao. Amri ya kuhama ilikuwa sahihi, ila ilikuwa nusu ya uokozi. Nusu ya pili, yaani mahali pa kuishi kwa heshima na pa kutafutia riziki, haikuwafikia kwa wakati.

Waliobaki na waliotawanyika

Baada ya siku hiyo mambo yalizidi. Mwezi Agosti 1997 mawingu ya moto yaliingia Plymouth, yakateketeza na kuzika sehemu kubwa ya mji. Mwezi Septemba jengo la uwanja wa ndege likaharibiwa. Tarehe 26 Desemba ubavu wa kusini magharibi ukaporomoka na kufuta vijiji vya upande huo. Miporomoko mingine mikubwa ilikuja Julai 2003, Mei 2006 na Februari 2010. Tangu hapo kuba haijakua, ila gesi bado inatoka, na wataalamu hawajasema kwamba mlima umekwisha kulala.

Kabla ya mlipuko kisiwa kilikuwa na watu 10,000 na ushei. Kufikia mwaka 1998 walikuwa wamebaki kama 3,000. Wengine walikwenda kisiwa jirani cha Antigua, wengine visiwa vingine vya Karibea, wengine Marekani, na maelfu wakaenda Uingereza. Mara nyingi wazazi walihama kwa ajili ya shule za watoto, huku babu na bibi wakikataa kuondoka. Kwa hiyo hakuna ukoo wa Montserrat ambao haukugawanyika. Wapo watoto wanaoijua nchi yao kwa picha na kwa simulizi za mezani tu, na wapo wazee waliozikwa kaskazini ilhali makaburi ya wazee wao yamefunikwa na majivu kusini.

Uhusiano wa kisiwa na mtawala wake nao ulitikisika. Mwezi Agosti 1997 wananchi waliandamana, wakiona kwamba fedha walizoahidiwa wanaotaka kuhama hazitoshi kuanzia maisha. Waziri Kiongozi wa kisiwa, Bertrand Osborne, akajiuzulu. Siku hizo hizo waziri wa Uingereza aliyehusika na misaada ya maendeleo, Clare Short, alitamka kwamba viongozi wa kisiwa hawatosheki, na kwamba baadaye wataomba tembo wa dhahabu. Kwa familia zilizokuwa katika mwaka wa pili wa kulala ukumbini, neno hilo liliuma kuliko majivu.

Haki itendeke katika kusimulia: Uingereza ilitumia fedha nyingi kujenga upya upande wa kaskazini, na inaendelea kugharamia sehemu kubwa ya bajeti ya kisiwa. Mwaka 1998 wahamiaji waliokuwa Uingereza walipewa haki ya kukaa bila kikomo, na sheria ya mwaka 2002 ikawapa uraia kamili wakazi wa maeneo yote ya ng'ambo isipokuwa yachache.

Marekani ilichukua njia nyingine. Iliwapa hifadhi ya muda waliokimbilia kwake, takriban watu 300, lakini mwaka 2005 ikaiondoa. Hoja yake ilikuwa kwamba mlipuko ungeweza kuendelea kwa miongo mingi, kwa hiyo hali yao haiwezi tena kuitwa ya muda. Tazama ajabu ya hoja hiyo: kadiri msiba ulivyorefuka, ndivyo mwenye msiba alivyopungukiwa na haki ya kuhifadhiwa.

Deni la nyumba isiyokuwepo

Liko jambo jingine ambalo halikutangazwa sana duniani. Mashirika ya bima yalijitoa kisiwani mlima ulipozidi, na nyumba nyingi zikabaki bila kinga. Wapo waliokuwa wamejenga kwa mikopo ya nyumba, na mikopo hiyo haikuzikwa pamoja na nyumba. Mtu anaishi katika makao ya muda, au ughaibuni, na bado anadaiwa fedha za nyumba ambayo haruhusiwi hata kuikaribia.

Sisi tuliofundishwa uharamu wa riba hatuhitaji maelezo marefu hapa. Sheria ya Kiislamu inaamrisha mdaiwa aliyekwama apewe muhula hadi apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi kwa anayejua. Aidha imepokewa kutoka kwa Mtume Muhammad (SAW) amri ya kumpunguzia mnunuzi wa mazao pale balaa la mbinguni linapoyaangamiza, kwa kuwa si haki muuzaji kuchukua mali ya ndugu yake pasipo kumpa kitu. Wanazuoni wamejadili kwa kina mipaka ya hukumu hiyo. Lakini roho yake iko wazi: hasara iletwayo na msiba asibebeshwe mtu mmoja peke yake, tena yule aliye dhaifu zaidi.

Kukimbia hatari si kukosa imani

Wapo wanaodhani kwamba kuhama mbele ya janga ni upungufu wa tawakkul. Mtihani kama huo ulimfika Sayyidna Umar bin al-Khattab (RA). Alipokuwa njiani kwenda Sham, katika mahali paitwapo Sargh, alifikiwa na habari kwamba tauni imeingia nchi hiyo. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, na hatimaye akaamua kurudi Madina pamoja na watu wake. Abu Ubayda bin al-Jarrah (RA) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu.

Kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Akimlisha upande wowote, atakuwa amemlisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu.

Mara nyingi mfano huu husimuliwa kwa ajili ya somo la kadari, na hilo ni sawa. Lakini tuuangalie pia kwa jicho la wakulima wa Montserrat. Katika mfano ule upo upande wa pili wenye majani. Mchunga anayewaondoa wanyama wake penye madhara ana pa kuwapeleka. Wakulima wale waliondolewa kwenye upande wa majani wakapelekwa kwenye upande mkavu, kisha wakalaumiwa kwa kurudi.

Huyo huyo Sayyidna Umar ndiye aliyewaongoza watu katika mwaka unaojulikana kwa jina la Aamur-Ramada, yaani Mwaka wa Majivu, mwaka wa 18 Hijria. Ukame ulikuwa mkali mno katika Hijazi hata upepo ukapeperusha vumbi mfano wa majivu. Watu wa majangwani walimiminika Madina. Hakuwaambia warudi makwao, wala hakuona uzito kuwalisha. Aliwaandikia magavana wake walete chakula, akasimamia ugawaji kwa mkono wake, na akajinyima samli na nyama mpaka watu wapate, hadi rangi ya ngozi yake ikabadilika. Hayo ndiyo malezi ya kiongozi mbele ya aliyepoteza makazi.

Na tujihadhari na ulimi. Likitokea janga katika nchi ya wasio Waislamu, wapo miongoni mwetu wanaokimbilia kusema kwamba wameadhibiwa. Nani ametupa habari za ghaibu? Waislamu wa Ngazidja wamefikwa na volkano, na Waislamu wa nchi nyingine wamefikwa na matetemeko. Mtihani ni wa Mwenyezi Mungu, Naye ndiye ajuaye hekima yake. Letu sisi ni kuzingatia, kuomba dua, na kumsaidia aliyeanguka.

Ngazidja na Goma

Mlima Karthala wa Ngazidja una urefu wa mita 2,361 na ni miongoni mwa volkano zilizo hai sana. Mwaka 1977 lava yake iliingia kijiji cha Singani. Mwaka 2005, mwezi Aprili na tena mwezi Novemba, majivu yake yaliwamwagikia wakazi wa kisiwa, maelfu wakayahama makazi yao. Lakini lililowasumbua wengi zaidi lilikuwa maji. Ngazidja haina mito ya kudumu, na kaya nyingi hutegemea maji ya mvua yaliyokusanywa katika birika. Majivu yakaingia humo, na maji ya kunywa na ya udhu yakachafuka. Hapo pia janga halikupita kwa njia ya moto peke yake. Lilipita kwenye lile ambalo kaya haiwezi kuishi bila ya hilo.

Goma, katika Kongo, lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwezi Januari 2002. Watu walivuka kwa maelfu kuingia Rwanda, na baada ya siku chache wengi wakarudi, mawe yakiwa bado moto, kwa sababu walikokimbilia hapakuwa na chakula wala paa. Mwezi Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na watu mamia kwa maelfu wakaamriwa kuhama sehemu za mji. Ni hadithi ile ile ya Montserrat kwa Kiswahili.

Hivyo kwa familia zinazoishi karibu na hatari, iwe mlima, mto ufurikao au bonde la maporomoko, yako mambo ya kupanga sasa kabla ya siku yenyewe. Nyaraka za ardhi, vyeti vya watoto na vya ndoa viwe mahali pamoja panapobebeka. Birika la maji lifunikwe, na mfereji unaoingiza maji uweze kutenguliwa haraka majivu yaangukapo. Ndugu wa mbali wakubaliane mapema nani atampokea nani, na kwa muda gani, ili siku ya kuhama isiwe siku ya kuanza kuomba. Misikiti na kamati za zaka nazo zijiulize swali ambalo halikujibiwa Montserrat: mkulima tutakayemhifadhi ukumbini, kesho atalima wapi?

Montserrat ya leo

Karibu theluthi mbili za kisiwa bado ni eneo lenye marufuku au masharti ya kuingia. Maisha yote yamehamia kaskazini. Ofisi za serikali ziko Brades, bandari na mji mpya vinajengwa Little Bay, na uwanja mdogo wa ndege ulifunguliwa mwaka 2005 badala ya ule uliozikwa. Kituo cha uangalizi wa volkano kinaendelea kupima mitetemeko na gesi kila siku.

Mlima nao umeanza kurudisha kidogo katika ulivyovichukua. Mchanga ulioletwa na milipuko huchimbwa na kusafirishwa kwenda kujengea visiwa vya jirani, na meli huupakia katika gati la Plymouth yenyewe. Mwaka 2013 vilichimbwa visima viwili vya kutafuta nishati ya joto la ardhini. Hakika kila zito lina wepesi wake, ingawa wepesi huo haukuwahi kuwarudisha wale 19.

Kaskazini mwa kisiwa sasa kuna mashamba. Ni madogo, na udongo wake si ule wa miteremko ya zamani. Lakini mkulima anayelima humo jioni hurudi nyumbani kwake akiwa hai. Laiti mashamba hayo yangetengwa mwaka 1996, pengine tarehe 25 Juni 1997 ingekumbukwa kwa vijiji vilivyoungua tu, na si kwa watu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nchi zetu na majirani zetu, na awape wenye dhamana juu yetu moyo wa kuukamilisha uokozi wanaouanza. Amin.